Joto la Mabomba ya Moshi na Usalama wa Wasafiri Majini

Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, na umetengana na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita 1,000. Katika mji huo, wilayani Kicukiro, ipo njia panda maarufu iitwayo Sonatubes. Jina hilo limetokana na kiwanda cha mabomba ya chuma kilichojengwa hapo, na kwa miaka mingi madereva na abiria wamelifanya jina la kiwanda kuwa jina la mahali. Kutoka hapo barabara moja huelekea Remera na uwanja wa ndege, nyingine huelekea kati ya mji kupitia Rwandex, na ya tatu huteremka kupitia Gahanga hadi Bugesera. Mtu anayepita hapo kwa haraka hawezi kudhani kwamba mahali hapo pana uhusiano wowote na usalama wa vyombo vya majini.

Lakini uhusiano upo. Rwanda haina bahari, lakini ina maziwa, na kubwa kuliko yote ni Ziwa Kivu, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,700, ambalo Rwanda inalimiliki pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Boti zenye injini hupeleka watu na mizigo kati ya Gisenyi, Kibuye, Cyangugu na visiwa vya ziwani. Boti hizo zinahitaji mabomba, na bomba la chuma halitengenezwi ziwani. Hutengenezwa na kuuzwa nchi kavu, likakatwa na kuungwa na fundi wa nchi kavu, ambaye mara nyingi elimu yake ameipata katika gereji za malori. Hapo ndipo lilipo jambo linalostahili kuzungumzwa. Bomba la kutolea moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, lina tabia moja likiwa chini ya lori na tabia nyingine kabisa likiwa ndani ya boti. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza, bila kukusudia, kuweka moto chini ya miguu ya abiria.

Wananchi wa Afrika Mashariki wanazifahamu vyema ajali za majini, na misiba yake haijasahauliwa. Meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria mwezi Mei mwaka 1996. MV Spice Islander ilizama katika bahari ya Zanzibar mwezi Septemba mwaka 2011. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba mwaka 2018. Kwa sababu ya misiba hiyo, neno ajali ya majini likitajwa, fikira za watu hukimbilia kwenye wingi wa abiria, uzito wa mizigo na ukosefu wa maboya. Ni haki kuwa hivyo. Hata hivyo, yupo adui mwingine ambaye hatajwi sana, naye ni moto unaoanzia katika chumba cha injini. Adui huyu hangojei upepo wala wimbi. Anaweza kuzuka ziwa likiwa shwari kama sahani, na abiria wakiwa wachache.

Wako watu ambao wakisikia habari ya moto na Ziwa Kivu, fikira zao huenda kwenye gesi ya methani iliyomo ziwani humo. Yafaa ieleweke kwamba gesi hiyo imeyeyuka katika maji ya kina kirefu, na ndiyo inayovutwa juu kwa mitambo maalumu ili kuzalisha umeme karibu na Kibuye. Moto wa boti kwa kawaida hautoki ziwani. Hutoka ndani ya boti yenyewe, na bomba la moshi ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa.

Je, joto hilo linatoka wapi? Injini ya dizeli haiwezi kugeuza nguvu yote ya mafuta kuwa mwendo. Kwa makadirio ya kawaida, sehemu moja kati ya tatu ndiyo inayozungusha rafadha na kuisukuma boti. Sehemu nyingine kubwa huchukuliwa na maji ya kupoza injini, na sehemu inayokaribia theluthi hutoka pamoja na moshi. Injini inapofanya kazi nzito, moshi utokao katika silinda huwa na joto la kati ya digrii 400 na 600. Chuma kinachopitisha moshi huo huweza kupata moto mpaka kikaanza kuwa chekundu. Ulimwengu wa mabaharia umeitambua hatari hii kwa muda mrefu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao ulitungwa kwanza mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, katika masharti yake ya leo unaagiza kwamba sehemu yoyote ya mtambo yenye joto linalozidi digrii 220, ambayo mafuta yanaweza kuimwagikia bomba la mafuta likipasuka, lazima ifunikwe kwa kizuizi cha joto. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Mafuta ya dizeli hayahitaji cheche wala kiberiti; yakirukia chuma kilichopata moto wa kutosha, huwaka yenyewe.

Sasa na itazamwe tofauti iliyopo kati ya lori na boti. Lori linapokwenda barabarani, bomba lake la moshi liko chini, mahali pa wazi, na upepo wa mwendo hulipuliza bila kukoma. Chini yake kuna lami au vumbi, na pembeni kuna chuma. Bomba hilo likivuja, moshi hupotea hewani. Likipata moto kupita kiasi, dereva husimama kando ya barabara, akashuka na kulitazama. Katika boti, bomba hilo limefungiwa ndani ya sanduku. Upepo haulifikii. Kushoto na kulia kuna mbao, au plastiki ya nyuzi za kioo, na zote mbili huungua. Chini yake ni ngama, ambamo maji machafu hukusanyika pamoja na mafuta yaliyodondoka. Juu yake ni sitaha, na juu ya sitaha wameketi watu. Chombo kikipatwa na shida hapana kando ya barabara. Pande zote ni maji, na maji ya Kivu katika baadhi ya sehemu yana kina kinachozidi mita 400.

Katika maziwa na pwani ya Afrika Mashariki si jambo la ajabu kuikuta injini ya lori ikifanya kazi ndani ya chombo cha mbao. Hakuna ubaya kwamba mwenye chombo ametumia kile alichoweza kukipata na kukimudu. Ubaya unatokea pale injini inapohamishwa pamoja na mazoea yake ya barabarani, yaani bomba tupu la chuma, lisilofunikwa, likipenya katika mbao kama linavyopenya bomba la jiko katika ukuta.

Zipo njia mbili za kulinda bomba la moshi lisipate moto kupita kiasi. Ya kwanza ni njia kavu, na ya pili ni njia ya maji. Kila moja ina masharti yake, na fundi anayechanganya masharti ya njia hizo mbili hujitafutia balaa.

Katika njia kavu, moshi huachwa na joto lake, nalo bomba huvikwa nguo ya kuzuia joto kuanzia kwenye injini hadi linapotoka nje. Nguo hiyo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au za mawe, na juu yake hutiwa ganda la bati ili mafuta yasipenye na kulowana ndani yake. Kwa maana nguo ya kuzuia joto iliyolowa dizeli haizuii tena moto, imekuwa utambi. Zamani kazi hii ilifanywa kwa kamba na vitambaa vya asbesto. Leo inajulikana kwamba vumbi la asbesto huleta saratani ya mapafu na maradhi mengine mabaya, na Rwanda yenyewe imekuwa katika kazi ya kuyaondoa mapaa ya asbesto katika majengo. Kwa hiyo fundi akikuta kamba kuukuu za aina hiyo katika boti ya zamani, asizikwaruze wala kuzirarua kwa mikono mitupu, na asizinunue tena hata kama zinauzwa kwa bei nafuu.

Sharti la pili la njia kavu ni nafasi. Mbao haiungui siku ya kwanza. Ikikaa karibu na bomba lenye joto kwa miezi na miaka, hukauka, huwa nyeusi, na hugeuka polepole kuwa kitu kinachofanana na mkaa. Mbao ya namna hiyo huweza kushika moto kwa joto dogo kuliko lile linalohitajika kuwasha mbao mpya. Ndiyo maana mwenye chombo husema kwa mshangao kwamba bomba lilikuwa mahali hapo miaka mitano bila kuleta madhara. Miaka hiyo mitano haikuwa ushahidi wa usalama. Ilikuwa muda wa kuandaa moto.

Sharti la tatu linahusu chuma chenyewe. Chuma kikipata joto hurefuka. Bomba la urefu wa mita 1 likipashwa joto kwa digrii 400 hurefuka kwa takriban milimita 5, na bomba la mita 3 kwa takriban milimita 15. Bomba lililobanwa imara pande zote mbili halina pa kurefukia, hivyo hupinda, hupasua mahali lilipochomelewa, au huilegeza gasketi kwenye injini. Hapo moshi wenye joto hutoka ndani ya chumba, ukibeba pia hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu wengi wakiwa usingizini. Kwa sababu hiyo bomba kavu lazima liwe na kipande kinachonyumbulika karibu na injini, na vibanio vyake vilishike bila kulinyonga. Huo ni ujuzi ambao mchomeleaji wa mageti na madirisha hawezi kuwa nao mpaka aambiwe.

Njia ya pili, yaani njia ya maji, ndiyo inayotumika katika boti nyingi za kisasa. Pampu huvuta maji ya ziwa au bahari kupitia koki iliyo chini ya boti na chujio lake. Maji hayo huipoza injini, kisha humwagwa ndani ya bomba la moshi, kwenye kiwiko kilicho baada tu ya injini. Maji yakikutana na moshi huuondolea joto lake, na baadhi yake hugeuka kuwa mvuke. Yafaa ikumbukwe kwamba maji yanapogeuka kuwa mvuke humeza joto zaidi ya mara 5 ya lile linalohitajika kuyapasha kutoka ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Ndiyo sababu maji kiasi yanaweza kuutuliza moshi mkali sana, hata ukapita katika bomba la mpira na kutoka nyuma ya boti pamoja na maji yanayotema kwa sauti ya kugugumia. Injini ndogo za kupachika nyuma nazo hutumia kanuni hiyohiyo, na nyingi zina kitundu ambacho hutoa mchirizi wa maji ili mwendeshaji aone kwamba pampu inafanya kazi.

Uzuri wa njia hii ndio pia udhaifu wake. Bomba la mpira limewekwa kwa kutegemea kwamba maji yatakuwamo wakati wote. Maji yakikatika, moshi wenye mamia ya digrii hulipitia bomba ambalo halikutengenezwa kwa joto hilo. Katika muda wa dakika chache mpira huanza kutoa harufu, kisha hulainika, kisha huungua.

Na maji hukatika kwa sababu ndogondogo. Ndani ya pampu limo gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Gurudumu hilo likizunguka bila maji huchakaa upesi, mabawa yake hukatika, na vipande vyake husafiri na kwenda kuziba njia mbele. Chujio huzibwa na mifuko ya plastiki, matope na majani. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Kivu na Tanganyika, yana madini ambayo katika mabomba yenye joto huweza kuganda kama ukoko wa chokaa katika sufuria, na kuipunguza njia ya maji mwaka hata mwaka. Pwani, chumvi ya bahari hukila kiwiko cha chuma kutoka ndani, hata kikabaki ganda jembamba ambalo kwa nje bado lina rangi nzuri.

Kuhusu majani, Kigali ina funzo la karibu. Barabara ya kutoka Sonatubes kupitia Gahanga huteremka hadi bonde la mto, ambako maji yatokayo Nyabarongo hupita yakielekea Ziwa Rweru, kisha mto Akagera, na mwisho Ziwa Victoria. Kwa njia hiyo ya maji, magugu maji yamesafiri na kuingia katika ziwa hilo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yamekuwa tabu kubwa kwa wavuvi na mabaharia wa Kenya, Uganda na Tanzania. Boti inayopita katika magugu hayo huyavuta kwenye koki yake ya maji. Nahodha anaweza kuona magugu yaliyonasa kwenye rafadha, kwa kuwa chombo hupunguza mwendo. Yale yaliyoziba chujio hayaoni, mpaka joto lipande.

Liko jambo jingine ambalo linazihusu nchi za nyanda za juu peke yake. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 14 hivi kuliko hewa ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini isiyo na mtambo wa kusukuma hewa, iliyorekebishwa pwani ikaletwa Kibuye bila kupunguziwa mafuta, hupokea mafuta yaleyale kwa hewa pungufu. Moshi wake huwa mweusi, na joto la moshi huo hupanda. Tena, kwa sababu ya kimo hichohicho, maji ya wazi huchemka kwa takriban digrii 95 badala ya 100. Hii ina maana kwamba joto linaongezeka huku nafasi ya kulihimili ikipungua. Moshi mweusi unaoonekana nyuma ya boti katika Kivu haufai kuchukuliwa kuwa alama ya nguvu. Ni alama ya mafuta yanayopotea na bomba linalopata moto.

Huenda mtu akauliza iwapo mambo haya yametokea kweli mahali popote, au ni hofu ya vitabuni. Yametokea, tena katika nchi yenye fedha, sheria na wakaguzi. Tarehe 14 Januari mwaka 2018, katika jimbo la Florida nchini Marekani, boti ya abiria iitwayo Island Lady ilitoka Port Richey ikiwa na watu 53. Baada ya muda mfupi kipimo kilionyesha kwamba injini moja imepata joto kupita kiasi. Nahodha aligeuza chombo kurudi gatini, lakini injini ile haikuzimwa. Moshi ukaanza kutoka chini, kisha moto ukafuata. Nahodha alifanya jambo la busara kwa kuielekeza boti kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko, na watu wote wakaruka majini. Watu 14 waliumia, na abiria mmoja alifariki dunia baadaye hospitalini. Boti iliteketea.

Chombo cha serikali ya Marekani kinachochunguza ajali za usafiri kilichunguza tukio hilo na kueleza chanzo chake waziwazi. Pampu ya maji ya kupoza iliharibika. Injini iliendelea kufanya kazi ikiwa na joto kupita kiasi, na bomba la moshi likawaka pamoja na vitu vilivyolizunguka. Wachunguzi hawakuishia kwenye pampu. Walisema pia kwamba utaratibu wa matengenezo ya kuzuia uharibifu haukuwa wa kutosha, na kwamba manahodha hawakuwa wamepewa maelekezo ya kutosha juu ya jambo la kufanya pindi kipimo kinapoonyesha joto limezidi. Hapa ndipo kiini cha mazungumzo haya kilipo. Pampu iliyoharibika ilitoa onyo. Onyo lilisikika. Kilichokosekana ni amri iliyo wazi kwamba onyo likisikika, injini izimwe.

Swali hilo la amri ni zito zaidi katika maziwa na bahari za Afrika Mashariki. Ni nani mwenye uwezo wa kuizima injini katikati ya safari? Kwa sheria na kwa desturi ni nahodha. Lakini nahodha wa boti ndogo mara nyingi ni mwajiriwa wa kutwa. Anajua kwamba akichelewa kufika, soko litakuwa limefungwa, wachuuzi watalalamika, na mwenye chombo atamkata ujira au atamtafuta nahodha mwingine. Abiria nao humsukuma, kila mmoja akiwa na haraka yake. Katika hali hiyo nahodha husema moyoni kwamba gati liko karibu na injini itavumilia. Joto halijui kuvumilia. Mwenye chombo anayemwadhibu nahodha kwa kuzima injini iliyopata moto anamfundisha kuwachoma abiria siku nyingine.

Kwa hiyo basi, yapo mambo ambayo kila mhusika anaweza kuyafanya, na mengi kati yake hayahitaji fedha nyingi.

Nahodha na wa utingo wake wana kazi ya kutazama nyuma kabla ya kung'oa nanga. Injini ikishawashwa, maji lazima yaonekane yakitoka na moshi. Yasipoonekana, izimwe palepale. Safarini, mabadiliko ya sauti ni habari. Bomba linalotema maji hugugumia. Bomba lililokauka hupiga kelele kavu na kutoa mvuke mwingi. Harufu ya mpira unaoungua ni habari nzito zaidi. Na kama moto umekwisha zuka, mfuniko wa chumba cha injini usifunguliwe ovyo, kwa sababu kuufungua ni kuupa moto hewa. Injini izimwe, koki ya mafuta ifungwe, matundu ya hewa yazibwe, na mtungi wa kuzimia moto upenyezwe kwenye tundu dogo lililotengwa kwa kazi hiyo. Abiria wavae maboya mapema, nao wasikimbilie wote upande mmoja, wasije wakakimbia moto na kukipindua chombo.

Mwenye chombo ana kazi ya kununua gurudumu la mpira la akiba na kulibadilisha kwa ratiba, bila kungoja lilie. Ana kazi pia ya kuweka kipimajoto chenye kengele juu ya bomba lenyewe la moshi. Kipimo cha kawaida hupima maji yanayozunguka ndani ya injini, na maji hayo huchukua muda kupata moto. Bomba la moshi hupata moto kwanza. Kengele iliyofungwa kwenye bomba humwamsha nahodha mapema, wakati bado pana nafasi ya kuchagua.

Fundi wa nchi kavu, awe Sonatubes, Gisenyi, Mwanza au Kisumu, anapoletewa kazi ya bomba la boti, aulize maswali kabla ya kuwasha mtambo wa kuchomelea. Bomba hili litapita wapi? Litakuwa kavu au la maji? Limetengana na mbao kwa kiasi gani? Litarefukia wapi likipata joto? Fundi anayeuliza maswali hayo haonyeshi ujinga. Anajua kwamba kazi yake itasafiri mbali naye, ikiwa imewabeba watu ambao hatawaona kamwe.

Na mamlaka zinazokagua vyombo, ambazo kila nchi ya eneo hili inazo, zimekuwa zikihesabu abiria na maboya kwa bidii. Bidii hiyo iendelee. Lakini mkaguzi afungue pia mfuniko wa chumba cha injini, alione bomba la moshi toka mwanzo hadi mwisho, aione rangi ya mbao iliyo karibu nalo, na aulize gurudumu la pampu lilibadilishwa lini. Ukaguzi unaofanywa juu ya sitaha peke yake hauwezi kuuona moto ulio chini yake.

Abiria pia ana haki yake. Akiuona moshi mahali pasipopaswa kuwa na moshi, aseme. Nahodha akiizima injini ili achunguze, abiria wasimtukane wala kumhimiza. Saa moja iliyopotea katikati ya ziwa, watu wote wakiwa salama, hulipika.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya majini ukuta wenyewe hauna mahali pa kujengwa. Ufa ni gurudumu dogo la mpira, kitambaa cha nyuzi za kioo, kipande cha bomba kinachonyumbulika, na uhuru wa nahodha kusema kwamba injini itazimwa sasa. Hayo yote hutayarishwa nchi kavu, katika gereji, dukani na ofisini, kabla kamba ya boti haijafunguliwa gatini.